Kumlisha Beta Mchanga: Chakula Gani, Kiasi Gani na Mara Ngapi kwa Siku

Anayelea samaki wa beta tangu wakiwa wadogo hukabiliwa na mahitaji mawili yanayovutana. Beta mchanga hukua haraka na tumbo lake halihifadhi chakula kwa muda mrefu, hivyo anapaswa kula mara nyingi kwa siku. Lakini huishi katika maji machache, na kila kinachobaki bila kuliwa huoza na kutoa amonia, ambayo humdhuru kabla mfugaji hajaona dalili yoyote. Kwa sababu hiyo mwongozo huu hautenganishi chakula na maji. Kiasi kilicho sahihi ni kile ambacho samaki anakimaliza na maji yanaweza kukihimili, na katika kila umri mfugaji anapaswa kuyatazama yote mawili.

Maelezo haya yanamhusu mfugaji aliyezalisha beta nyumbani na sasa ana vifaranga ambao ndio kwanza wanaanza kuogelea, na pia yule aliyenunua dukani samaki mdogo wa sentimita mbili au tatu akitaka kumkuza vizuri. Wa pili anaweza kuanzia sehemu inayozungumzia wiki ya tano na kuendelea, ingawa ninamshauri asiiruke sehemu ya artemia, yaani jamaa wadogo wa uduvi, kwa kuwa chakula hicho kitamfaa hata yeye.

Beta hula nini katika maji ya asili

Beta anayefugwa majumbani kwa wingi ni Betta splendens, jina ambalo mwanasayansi Charles Tate Regan alilitoa mwaka 1910. Asili yake ni Thailand, katika maji ya kina kifupi yenye majani mengi: mashamba ya mpunga, mitaro na vidimbwi. Mwaka 2019 serikali ya Thailand ilimtangaza kuwa mnyama wa majini wa taifa. Katika maji hayo yeye hula wadudu wanaoanguka juu ya maji, viluwiluwi wa mbu, na wanyama wadogo mno wanaoelea, wakiwemo jamaa wa uduvi wasioonekana vizuri kwa macho. Kinywa chake kimeelekea juu, kwa kuwa sehemu kubwa ya mlo wake huipata kwenye uso wa maji.

Hapa tunapata mambo mawili ya kuzingatia hadi mwisho. Kwanza, beta ni mla nyama, na chakula chenye unga mwingi wa ngano, mchele au mahindi hakimjengi hata kama anakimeza. Pili, macho yake huvutwa na kitu kinachojongea. Samaki mkubwa hujifunza kutambua punje isiyosogea kuwa ni chakula, lakini kifaranga wa siku chache hajui hivyo; chakula kilichokufa kinaweza kumzunguka pande zote naye akafa kwa njaa.

Kabla ya mlo wa kwanza

Katika maji yenye joto la nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, mayai ya beta huanguliwa baada ya saa 24 hadi 48. Vifaranga wanaotoka huning'inia wima chini ya kiota cha mapovu, vichwa vikiwa juu na mikia chini, na kila mmoja amebeba mfuko wa kiini cha yai tumboni. Mfuko huo ndio chakula chao kwa siku mbili hadi tatu. Katika kipindi hicho usiwape kitu chochote, kwa kuwa hawana uwezo wa kukamata chakula na kila utakachotia kitaharibu maji.

Wakati wa kuanza kulisha hutambuliwa kwa jambo moja tu: vifaranga wanapoacha kuning'inia na kuogelea wakiwa wamelala sambamba na uso wa maji. Siku hiyo dume huondolewa, kwani kazi yake ya kuwarudisha wanaoanguka imekwisha na anaweza kuanza kuwala. Siku hiyo hiyo mlo wa kwanza unapaswa kuwa tayari. Chakula hai huchukua siku kadhaa kutengenezwa, kwa hiyo anayesubiri mayai yaanguliwe ndipo aanze kuandaa amekwisha kuchelewa. Ninashauri maandalizi yaanze siku ambayo dume na jike wanawekwa pamoja, au hata wiki mbili kabla.

Wiki ya kwanza ya kuogelea: vyakula vidogo kuliko vyote

Kifaranga anayeanza kuogelea ana urefu wa milimita tatu hivi, na kinywa chake hakipokei hata unga laini wa dukani. Chakula cha jadi cha umri huu ni infusoria, yaani viumbe wadogo sana wanaozaliana katika maji yenye majani yanayooza polepole. Chukua chupa ya kioo ya lita moja au mbili, uijaze maji ya tangi lililokaa muda mrefu, kisha utie jani kavu. Wakazi wa pwani wana jani bora karibu kila mtaa, nalo ni la mkungu, mti ule ule ambao wafugaji wa Thailand hutumia majani yake makavu katika matangi ya beta. Liokote likiwa limekauka na kudondoka lenyewe, mbali na barabara na mahali panapopuliziwa dawa, na ulisuuze. Asiye na mkungu atumie kipande cha jani kavu la mgomba.

Weka chupa mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali, na uifunike kwa kitambaa ili mbu wasitage humo. Maji hufifia kwa ukungu, na baada ya siku chache, kwa kawaida tatu hadi saba, huanza kung'aa tena. Ukiinua chupa kuelekea mwanga utaona vumbi jembamba linalojongea lenyewe. Hapo ndipo maji hayo yanafaa kulishia. Yakinuka uozo yamwage na uanze upya, wala usijaribu kuyachuja ili kuyaokoa. Kwa tangi la lita 20 lenye vifaranga mia moja hivi, vijiko viwili au vitatu vya chakula vya maji haya, mara tatu au nne kwa siku, ni mwanzo mzuri. Tangi lenye mimea hai na majani ya mkungu huwa pia na infusoria wake, na vifaranga huonekana wakidonoa kwenye majani kati ya mlo na mlo.

Chakula cha pili cha wiki hii ni minyoo wa siki, ambao ninawapenda kuliko infusoria kwa sababu mfugaji huona anachotoa. Minyoo hawa hukaa katika siki ya tufaha iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yasiyo na klorini, pamoja na kipande cha tufaha. Mbegu yao hupatikana kwa mfugaji mwingine, na inachukua takriban mwezi mmoja kwa chupa kujaa. Wakati wa kuvuna, mimina siki yenye minyoo katika chupa yenye shingo ndefu hadi mwanzo wa shingo, ziba kwa pamba, kisha weka maji safi juu ya pamba. Kwa kuwa wanatafuta hewa, minyoo hupenya pamba na kupanda katika maji safi, na kesho yake unawavuta kwa sirinji isiyo na sindano bila kuingiza siki tangini. Huishi siku kadhaa katika maji ya tangi na hubaki katikati ya maji badala ya kuzama, kwa hiyo kifaranga hukutana nao mchana kutwa.

Ute wa yai la kuku lililochemshwa hautumiki, lakini kiini chake hutumiwa na wengi walio mbali na miji. Kinaweza kuokoa vifaranga kwa siku moja au mbili, ikiwa kipande cha ukubwa wa kichwa cha kiberiti kitasuguliwa katika maji na kutolewa kwa matone. Zaidi ya hapo sikishauri, kwa kuwa hakuna chakula kinachochafua maji upesi kama hicho.

Artemia waliotoka kuanguliwa: chakula chenye faida kuliko vyote

Ikiwa mfugaji ana uwezo wa kutayarisha chakula kimoja tu, basi na kiwe hiki. Artemia ni jamaa mdogo wa uduvi anayeishi katika maji yenye chumvi nyingi, na mayai yake huvumilia kukaushwa kwa miaka, ndiyo maana huuzwa katika makopo na pakiti. Wafugaji wa Kenya wana nafasi nzuri kuliko wengi katika hili, kwa kuwa artemia wamekuwa katika mabwawa ya chumvi ya kaskazini mwa Malindi tangu walipoingizwa huko katika miaka ya 1980. Kitoto cha artemia kilichoanguliwa leo kina urefu wa karibu nusu milimita, kinaogelea kwa kurukaruka, na kimebeba kiini chenye mafuta na protini.

Namna ya kuangulisha ni hii. Chukua chupa ya plastiki ya soda, ikate kitako, uigeuze kichwa chini na kuisimamisha katika chombo kingine. Tia lita moja ya maji yenye chumvi ya gramu 25 hadi 30. Anayeishi karibu na bahari safi anaweza kutumia maji ya bahari moja kwa moja. Ongeza bikaboneti ya soda kidogo sana ikiwa maji ya eneo lako ni laini, kwa kuwa mayai huanguliwa vizuri zaidi katika maji yasiyo na asidi. Ingiza bomba la pampu ya hewa hadi chini ili mayai yazunguke bila kutulia, tia robo kijiko cha chai cha mayai, na uache taa ikiwaka karibu. Katika joto la nyuzi 26 hadi 28 kazi hukamilika ndani ya saa 18 hadi 36. Nairobi, Arusha au Mbeya wakati wa baridi itachukua muda zaidi, isipokuwa chupa ikae ndani ya chombo cha maji yenye hita.

Rangi ya maji ikigeuka kuwa ya chungwa, zima pampu na usubiri dakika kumi. Maganda matupu hupanda juu, mayai yasiyoanguliwa huzama chini kabisa, na vitoto hukusanyika upande wenye mwanga. Wavute kwa mpira mwembamba kutoka katikati, uwapitishe kwenye kitambaa chepesi cha pamba, na uwasuuze kwa maji baridi ya kawaida ili chumvi isiingie tangini. Epuka kabisa kuchota maganda, kwa sababu kifaranga akiyameza hayameng'enywi na yanaweza kumziba. Lisha ndani ya saa chache tangu waanguliwe, kwani kila saa inayopita artemia hutumia kiini chake mwenyewe na thamani yake kwa samaki hupungua.

Vifaranga wakubwa wanaweza kuanza artemia tangu siku ya pili au ya tatu ya kuogelea, na walio wengi wanawamudu kufikia mwisho wa wiki ya kwanza. Hakuna haja ya kukisia kama wamekula. Mwili wa kifaranga unapitisha mwanga, na tumbo lililojaa artemia huonekana kama doa la rangi ya chungwa. Washa tochi ubavuni mwa tangi dakika kumi baada ya kulisha: ikiwa takriban wote wana doa hilo, kiasi kinatosha, ikiwa wadogo hawana, endelea kuwapa infusoria au minyoo wa siki pamoja na artemia hadi wakue. Artemia huishi saa chache tu katika maji yasiyo na chumvi, kisha hufa na kuzama. Ukiwaona wengi wamelala sakafuni kabla ya mlo unaofuata, ulizidisha.

Kiasi cha kuanzia kwa vifaranga mia moja ni matone machache ya artemia waliochujwa, mara nne kwa siku, kwa mfano saa moja asubuhi, saa tano, saa tisa na saa kumi na mbili jioni. Anayekwenda kazini na hawezi kurudi mchana afanye mara tatu: alfajiri, arudipo, na saa moja kabla ya kuzima taa, huku minyoo wa siki wakibaki tangini kama akiba ya mchana. Naona ratiba hiyo ya mara tatu inayofuatwa kila siku ni bora kuliko ile ya mara tano inayoshika wiki moja na kuachwa.

Wiki ya tatu na ya nne

Katika wiki hizi kiungo cha labirinthi, ambacho humwezesha beta kuvuta hewa juu ya maji, huendelea kukamilika. Jambo hili linagusa ulishaji kwa njia ambayo wengi hawaifikirii: vyakula vya unga na vya mafuta huacha utando juu ya maji, na kifaranga anayepanda kuvuta hewa yake ya kwanza huzuiwa nao. Laza karatasi nyeupe ya jikoni juu ya maji kwa sekunde chache na uiondoe pamoja na utando, na ufunike tangi ili hewa iliyo juu ya maji ibaki ya joto na unyevu.

Artemia wanaendelea kuwa chakula kikuu. Unaweza kuongeza minyoo wadogo weupe wanaofugwa juu ya uji mzito, ambao ni rahisi kuliko minyoo wa siki. Pika uji mzito wa shayiri au ugali laini, uache upoe katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa kwa pini, nyunyiza hamira kidogo, na uweke mbegu ya minyoo. Baada ya siku tatu hadi tano wataanza kupanda kuta za chombo. Wapanguse kwa kidole, uwasuuze ndani ya kikombe, na uwatoe kwa matone. Chombo kimoja hudumu wiki mbili hadi nne, kwa hiyo kila wiki anzisha kingine. Kasoro yao ni kwamba huzama, na wakizidi hurundikana na kuoza sakafuni mahali ambapo vifaranga hupumzika. Mlo mmoja kwa siku wa minyoo hawa unatosha, na usiwafanye chakula pekee kwa sababu hawana lishe ya kulingana na artemia.

Kuanzia wiki ya tano: viluwiluwi, dafnia na punje

Sasa samaki ana urefu wa sentimita moja au zaidi na anaweza kukamata mawindo makubwa. Dafnia, viroboto wadogo wa maji wanaorukaruka, wanafaa sana: maganda yao husaidia choo, na wasioliwa huendelea kuishi tangini badala ya kuoza. Wafuge katika ndoo kubwa nje yenye maji ya kijani. Sishauri kuwavua katika mabwawa na mito, kwanza kwa sababu kuingia katika maji hayo huleta hatari ya kichocho, hususan maeneo ya Ziwa Victoria, na pili kwa sababu pamoja nao huja buu wa kerengende, ambaye anaweza kumaliza vifaranga wote kwa siku chache.

Viluwiluwi wa mbu ndio chakula ambacho beta ameumbiwa kukikamata, na hapa kwetu hawagharimu kitu. Hata hivyo, mfugaji anayewavuna ana wajibu mkubwa kwa majirani zake. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wanaoieneza huzaliana katika vyombo vya maji vya majumbani, vya aina ile ile inayotumiwa kuvunia viluwiluwi. Katika joto la pwani yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo acha chombo wazi usiku mmoja au mbili tu, kisha kifunike kwa chandarua kisichopitisha mbu. Vuna kila siku, na kufikia siku ya tano mwaga yote yaliyobaki juu ya udongo mkavu. Anayejua kwamba hataweza kushika utaratibu huu bila kukosa asianze kabisa, na samaki wake hawatapungukiwa na kitu wakila artemia na punje. Toa viluwiluwi wadogo tu, kimoja au viwili kwa samaki wa sentimita mbili, na usichukue maji yoyote yaliyowahi kutiwa dawa ya kuua mbu.

Punje za dukani ni lazima zizoeshwe mapema, kati ya wiki ya sita na ya nane, kwa kuwa beta aliyekua kwa chakula hai peke yake anaweza kuzikataa. Wakati mzuri ni asubuhi, akiwa na njaa. Saga punje ziwe unga mkavu mnene, dondosha kidogo, na subiri dakika tano. Wakikataa, toa mabaki na uwape artemia kama kawaida, kisha urudie kesho. Wengi huzikubali ndani ya wiki moja. Usimnyime samaki wa umri huu chakula siku nzima kwa nia ya kumlazimisha.

Ununuapo, soma orodha ya viambato. Samaki, uduvi au wadudu wanapaswa kutajwa mwanzoni kabla ya ngano, na protini isipungue asilimia 40. Chagua pakiti ndogo iliyofungwa kiwandani badala ya chakula kilichopimwa na kutiwa katika mfuko wa nailoni, ambacho huwezi kujua umri wake. Katika unyevu wa Mombasa au Zanzibar mafuta ya chakula huchacha upesi, hivyo kihifadhi katika chombo kisichopitisha hewa na usikitumie zaidi ya miezi sita baada ya kukifungua. Asiyepata chakula cha beta anaweza kutumia unga wa kulishia vifaranga vya kambare kutoka maduka ya pembejeo za ufugaji wa samaki, ambao una protini nyingi kuliko ule wa sato. Usitiwe zaidi ya ncha ya kijiti cha meno kwa wakati mmoja.

Minyoo wekundu walioganda kwa barafu wanapendwa mno na samaki, lakini kwa beta mchanga wawe kitoweo cha mara mbili kwa wiki, mnyoo mmoja au wawili kwa samaki wa sentimita tatu. Wayeyushe kwanza. Vyakula vilivyokaushwa vilowekwe dakika chache, kwa sababu huvimba.

Kiasi: tazama tumbo

Wafugaji wengi hulinganisha mlo mmoja wa beta na ukubwa wa jicho lake, na kipimo hicho ni mwanzo mzuri. Kwa punje za milimita moja, samaki wa sentimita mbili apewe moja iliyovunjwa hadi mbili, mara tatu kwa siku. Wa sentimita tatu, mbili au tatu kwa kila mlo. Hata hivyo punje za makampuni mbalimbali hazilingani na samaki hawalingani, hivyo neno la mwisho ni la tumbo. Mtazame ubavuni na kutoka juu. Baada ya kula, tumbo linapaswa kuvimba kidogo, na kabla ya mlo unaofuata liwe limerudi kuwa bapa. Likiwa limebonyea ndani nyuma ya kichwa, anakula kidogo au ananyang'anywa na wenzake. Likibaki limevimba hadi wakati wa mlo, ruka mlo huo.

Usiongozwe na namna anavyokuja mbio kwenye kioo na kutikisa mwili anapokuona. Beta huomba hata aliposhiba, na katika nyumba yenye watu wengi kila mmoja humhurumia na kumpa. Mteueni mtu mmoja wa kulisha.

Samaki mwenye umri wa zaidi ya miezi mitatu anayevimba tumbo, kuogelea akiegemea upande au kutoa kinyesi chembamba kinachoning'inia, apumzishwe kula siku moja au mbili, kisha apewe dafnia. Njegere zinazopendekezwa mara nyingi kwa tatizo hili zinawafaa samaki wala majani. Kwa beta sioni faida yake. Kifaranga wa chini ya wiki nane yeye asifungishwe. Na ikiwa magamba yamesimama mwili mzima, hilo ni ugonjwa wala si suala la mlo.

Joto pia huamua kiasi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 24, umeng'enyaji huzorota na mlo wa kawaida hugeuka kuwa mwingi. Katika miji ya nyanda za juu tumia hita na kipimajoto, na umeme ukikatika usiku kucha, punguza mlo wa asubuhi hadi maji yapate joto tena.

Maji baada ya mlo

Nusu saa baada ya kulisha, vuta mabaki sakafuni kwa mpira wa pampu ya hewa, ukiweka ncha yake ndani ya kikombe cheupe ili vifaranga waliovutwa kwa bahati mbaya waonekane na kurudishwa. Katika wiki mbili za kwanza ondoa kidogo tu kila siku na urudishe maji kwa matone. Kuanzia wiki ya tatu, badilisha asilimia 20 hadi 30 kila siku au kila siku ya pili. Ulishaji wa mara tatu au nne hauwezekani bila kazi hii, na anayeona ni nzito apunguze idadi ya vifaranga kwa kuwagawia wengine kabla ya kupunguza maji mapya au chakula. Maji ya bomba yaachwe wazi saa 24 ili klorini itoke, au yatiwe dawa ya kuiondoa, na yawe na joto sawa na ya tangi.

Mkate, wali, makombo ya chapati na biskuti visitiwe tangini kamwe. Unga wa dagaa wa sokoni nao haufai, kwa kuwa una mchanga na chumvi na hufanya maji kuwa ya maziwa. Moyo wa ng'ombe una mafuta ambayo beta hayamudu.

Kutoka mwezi wa tatu hadi wa sita

Madume yanapoanza kupigana, mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa tatu, kila moja hutengwa katika chombo chake. Kuanzia hapo ulishaji huwa rahisi kufuatilia, kwa sababu unajua hasa nani amekula nini. Mwezi wa tatu toa mara tatu kwa siku. Mwezi wa nne na wa tano mara mbili, punje tatu au nne kila mlo, na chakula hai au kilichoganda mara mbili au tatu kwa wiki. Akifikisha miezi sita hupewa mara moja au mbili, jumla ya punje nne hadi sita kwa siku, na siku moja ya kupumzika kila wiki.

Safari hupangwa kwa kufuata umri huo huo. Beta wa miezi sita anaweza kukaa siku tatu bila kula akiwa katika maji safi, na ni salama zaidi kumwacha hivyo kuliko kumtilia chakula cha siku tatu kwa pamoja. Samaki wa miezi miwili au mitatu huvumilia siku moja. Vifaranga wa chini ya wiki nane hawawezi kuachwa, na atakayebaki nao afundishwe kwanza kwa siku mbili mbele ya macho yako. Mwachie chakula kikiwa kimegawanywa mlo kwa mlo katika vifuko vidogo vilivyoandikwa siku na saa, na pakiti kubwa uifungie kabatini.